Mchango wa Desemba ulioingia Februari

SWALI: Niko Mwanjelwa, Mbeya, natunza kwa intaneti hesabu za mishahara za kampuni ndogo ya Marekani yenye mpango wa pensheni wa 401(k). Mchango wa mwajiri wa Desemba 2024, ule anaoongezea juu ya anachochangia mfanyakazi, uliingia Februari 2025. Kwenye kipimo cha kuzuia upendeleo (kinacholinganisha michango ya wenye mishahara mikubwa na ya wafanyakazi wengine) unahesabiwa mwaka gani?

JIBU: 2024, mradi uligawiwa kwenye akaunti za wafanyakazi kwa mwaka huo na fedha zikaingia ndani ya miezi 12 baada ya mwaka wa mpango kuisha. Wengi hukosea kwa kupima Januari, mchango wa mwisho haujafika, kisha wanashangaa majibu kubadilika.

Wastani wa mchango huo kwa wafanyakazi wa kawaida ukiwa 3% ya mshahara, wa wenye mishahara mikubwa usizidi 5%. Lakini usikariri "ongeza mbili": ukiwa 1% kikomo ni 2%, ukiwa 10% ni 12.5%. (NSSF yetu haina shughuli hii, asilimia ni moja kwa wote.)

Mkifeli, ziada na faida yake viondolewe kwenye akaunti za hao wakubwa kufikia Machi 15 ya mwaka unaofuata, kama mwaka wa mpango unaisha Desemba. Mkichelewa, kwa kawaida mwajiri anatozwa kodi ya 10% ya ziada hiyo. Msivuke Desemba 31 ya mwaka huohuo unaofuata: hapo nafuu ya kodi ya mpango mzima iko hatarini.