Viti maalum havikuzuii kugombea jimbo

Dada, umeuliza kama ukiwa mbunge wa viti maalum unaruhusiwa kugombea jimbo uchaguzi ujao. Ndiyo, ruksa kabisa. Katiba ya Tanzania inataka wanawake wa viti maalum wasipungue asilimia 30 ya wabunge wengine, na vyama vilivyofikisha angalau asilimia 5 ya kura hugawana nafasi hizo kwa uwiano. Kinachoniuma ni kwamba orodha inapangwa na chama. Ukikosana na wakubwa, huna wananchi wa kukutetea. Tena Waziri Mkuu lazima awe mbunge wa jimbo! Anne Makinda alipochaguliwa Spika 2010 alikuwa mbunge wa Njombe Kusini. Chukua fomu, dada yangu.