Mtoto Akifadhiliwa, Wazazi Wanapata Nini?

SWALI: Shikamoo Mhariri. Binti yangu wa darasa la tatu anafadhiliwa na mtu wa ng'ambo, lakini sisi wazazi, wakulima wa mtama, hatujawahi kupewa fedha mkononi. Ufadhili huu utatuinuaje?
Mama wa watoto wanne, Kondoa

JIBU: Marahaba, mama. Mashirika mengi hayampi mzazi fedha taslimu. World Vision huunganisha michango ya wafadhili na kuitumia kwa jamii nzima, katika maji, kilimo na vikundi vya kuweka na kukopa, ilhali Compassion hupitia makanisa ya mahali kumhudumia mtoto mwenyewe.

Unafuu wako unaanzia kwenye sare, madaftari na dawa ambazo sasa hununui, kwa kuwa shilingi hizo zinaweza kununua hisa za kikundi, na hisa ndizo zitakazokuwezesha kukopa fedha za mbegu bora au mitetea kabla ya mvua. Usilidharau lile sanduku la kikundi lenye kufuli tatu, ambalo funguo zake hushikwa na wanachama watatu tofauti. Limewaepusha wengi na kuuza mtama ukiwa bado shambani.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliohusu nchi 6, Kenya na Uganda zikiwemo, ulionyesha kwamba waliofadhiliwa kupitia Compassion walisoma zaidi ya mwaka 1 wa ziada, na ukubwani walipata ajira za mshahara kwa wingi zaidi.

Inaniuma kwamba wazazi wengi hawaelezwi haya siku ya kuandikisha mtoto. Mwulize ofisa wa mradi fedha zimepangiwa kazi gani kijijini kwenu, na kama kuna kikundi kinachopokea wanachama wapya.