Mgagani unanyauka kabla sijamaliza kuuchora

*Nachora mboga za porini na miti dawa kwa rangi za maji. Mgagani nauchuma Buhongwa saa nne asubuhi. Nikifika nyumbani maua yameshajikunja. Je, nichore kwa kutazama picha ya simu?*
Msomaji, Kirumba

Tatizo ni saa unayochuma. Maua ya mgagani hufunguka jioni, na jua la asubuhi likishakaza, petali hulegea. Toka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kata shina kwa wembe, kimshazari, ulitie kwenye chupa ya maji papo hapo, kisha ufunike mmea kwa kitambaa chenye unyevu. Ukiubeba mkavu mkononi ndani ya daladala, hata maji ya nyumbani huenda yasiurudishe.

Anza na ua. Jani lenye shina majini litakusubiri. Na hapa ndipo wengi wanapokosea: stameni 6 za mgagani (vijiti vyenye chavua) hazitokei pale zinapoanzia petali 4. Kutoka katikati ya ua hupanda kikonyo chembamba, stameni zikashika juu yake, na tumba la mbegu likakua juu zaidi. Ukizichora chini, umechora mmea mwingine. Majani ya shina kwa kawaida yana vijani 5, lakini yale madogo yaliyo kati ya maua huwa na 3. Hesabu, usikisie. Vinyweleo vinavyonata vitafute kwa kuinua shina dhidi ya mwanga.

Pima kwa bikari na uchore kwa penseli ngumu ya 2H. HB, iliyo laini zaidi, huchafua rangi. Ua likuze, ila usiandike "mara tano" tu: picha ikichapishwa kwa ukubwa mwingine, maneno hayo yatakuwa uongo. Weka mstari wa kipimo kando yake, uandike ni milimita ngapi.

Picha ya simu ikusaidie kukumbuka mkao tu. Ukiisogeza karibu, jani la mbele huvimba, na zambarau ya vikonyo vya stameni mara nyingi hugeuka bluu.

*Karatasi yangu ya manila inajikunja, na kijani kinatoka kama beseni la plastiki.*
Msomaji, Nyegezi

Manila haijatengenezwa kwa maji mengi. Tafuta karatasi ya rangi za maji yenye uso laini, gramu 300 kwa mita ya mraba. Kijani cha tyubu kiache. Changanya bluu ya ultramarini na njano ya limau, kisha ncha ya brashi ya nyekundu ili kukipoza. Paka tabaka jembamba, likauke kabisa, ndipo upake la pili. Ukiharakisha, la chini hung'oka na kuacha madoa. Mishipa ya jani usiichore kwa rangi nyeupe, iache karatasi yenyewe ionekane.

*Niandike chini ya mchoro kwamba mmea unatibu nini?*
Msomaji, Ukerewe

Andika jina la kienyeji, la kisayansi, mahali na tarehe. Matumizi yaandike kama ulivyoambiwa na wakazi wa hapo, bila kipimo cha dawa. Kisha kausha tawi la mmea huohuo kati ya magazeti, ukiyabadilisha kila siku, ulihifadhi pamoja na mchoro. Mtu akibisha jina, tawi hilo ndilo litakaloonyeshwa kwa wataalamu wa Hebaria ya Taifa, hifadhi ya mimea iliyokaushwa, Arusha.