Kwa mnaoanza kushika tupa: foresaiti ya Webley iliyovunjika

Kipande kidogo kuliko kucha ya kidole gumba ndicho kilichonifundisha kutumia tupa. Kabla yake nilikuwa nimeshafaili mabamba ya milango, vyuma vya mashine za kukoboa mpunga na funguo za magari ya watu, nikajiona fundi. Bosi wangu hapa Mbeya, ambaye karakana yake ilikuwa na leseni ya kutengeneza silaha, aliniangalia siku ile nikifaili na kuniuliza, "Dogo, hicho chuma umekifaili au umekitafuna?"

Nawaandikia ninyi mnaotoka chuo mwaka huu, na ninyi mliojifunzia kazi kibarazani kwa mjomba. Bastola wengi wenu hamtaitengeneza kamwe, na ni sawa. Lakini foresaiti, ule wembe mdogo wa kulengea ulio mbele juu ya mtutu, ni darasa zima la ufiti, kazi ya kuchonga vyuma vikaane sawasawa, ndani ya kipande cha gramu mbili tatu.

Silaha yenyewe ilikuwa bastola ya silinda, Webley Mk VI, aina ambayo jeshi la Uingereza lilianza kuitumia mwaka 1915. Mtutu wake una urefu wa inchi 6, na ukitaka kutia risasi unaikunja katikati kama kitabu. Mwenyewe alikuwa mzee mmoja wa Mufindi, Mhehe, aliyekuja na leseni na karatasi zake zote kwenye bahasha ya kaki. "Kamwene, baba," bosi alimwamkia. "Kamwene. Hii ni kubwa kuliko mimi kwa umri, naomba msiiumize." Ilikuwa imeanguka sakafuni na ule wembe wa mbele, ambao waliopita JKT wanauita foresaiti, ulikuwa umekatika. Kilichobaki ni kisiki ndani ya mfereji.

Niliseme hili mapema. Ukiletewa silaha na huna leseni ya kazi hiyo, irudishe hapo hapo, hata kama mwenye kuileta ni shemeji yako. Tuna sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015 na haina utani. Hata kwetu, palipokuwa na leseni, mimi msaidizi sikuruhusiwa kubaki peke yangu na bastola. Bosi aliifungua, akaangalia matundu yote sita ya silinda, akanipa niangalie na mimi, kisha akaifungia kabatini. Nilichokuwa nacho mezani siku nzima ni kipande changu cha chuma na vipimo kwenye karatasi. Bastola ilitoka kabatini pale tu nilipotaka kujaribisha, na bosi akiwa amesimama.

Bahati yetu, kwenye mfano huu wembe wa foresaiti ni kipande cha peke yake, kinakaa kwenye mfereji na kushikwa na skrubu moja ya pembeni. Zipo bastola ambazo foresaiti imechongwa pamoja na mtutu, na hizo ni habari nyingine. Skrubu nayo usiipuuze. Waingereza wa zamani walitumia skrubu za inchi. Meno ya Whitworth, kipimo chao cha zamani cha skrubu, yana pembe ya digrii 55, ya milimita yana digrii 60. Ukilazimisha skrubu ya pikipiki, ambayo ni ya milimita, mle ndani itaingia mizunguko miwili, utafurahi, na mzunguko wa tatu utakuwa umeharibu tundu lililodumu miaka mia. Ile ya zamani tuliilowesha mafuta usiku kucha, bosi akachonga bisibisi yake ijae sawasawa kwenye mfereji wa kichwa, ikatoka nzima. Tukairudishia ile ile.

Sasa kupima. Upana wa mfereji tuliupima kwa filagheji, zile karatasi za chuma ambazo mafundi magari wa Mwanjelwa wanapimia valvu. Unapanga karatasi mbili tatu mpaka ziingie kwa kubana kidogo, unajumlisha. Venia, kile kipimio cha kuteleza chenye midomo, ingeweza kufanya kazi hiyo, lakini midomo yake ni minene kwa mfereji mwembamba, na anayeanza huwa anaisoma jinsi anavyotamani isomeke.

Chuma tulikikata kwenye flatiba, ule ukanda bapa wa chuma, laini ya milimita 4. Kuna mwenzangu alikuwa na senti ya zamani ya Mjerumani, heller 20 ya shaba nyeupe zile zilizopigwa Tabora mwaka 1916 kwenye karakana ya reli, akataka tuikate maana alisikia watu wa zamani walichonga foresaiti kwa sarafu. Ni kweli walifanya hivyo. Bosi akamwambia airudishe mfukoni. Sarafu iliyotengenezwa na mafiti wa reli vitani haikatwi na fiti wa amani mwenye flatiba mezani.

Utaratibu wa kufaili ndio uliokuwa mgumu kwangu. Nilitaka kuanza na umbo la juu, ule mgongo mzuri unaoonekana. Bosi akakataa. Kwanza mguu, sehemu inayoingia kwenye mfereji. Halafu tundu la skrubu. Juu ni mwisho kabisa. Sababu ni hii: ukimaliza juu kwanza, kisha mguu ukakataa kuingia, kila utakachopunguza chini kitashusha na juu. Utakuwa na foresaiti nzuri iliyo fupi.

Mguu uliingia baada ya saa tatu za kufaili. Saa tatu kwa eneo dogo kuliko punje ya hindi! Tulitumia masizi ya kibatari. Unaupitisha mguu juu ya moshi mpaka uwe mweusi, unausukuma taratibu kwenye mfereji, unautoa. Pale panapogusa masizi yamefutika na chuma kinang'aa. Unafaili hapo tu, mara moja au mbili, unarudi kwenye moshi. Mara ya kwanza nilipata nukta moja inayong'aa. Baada ya raundi kama ishirini nilipata nukta saba, kisha mstari, mwisho karibu upande wote uling'aa na kipande kikaingia kwa kusukumwa na kidole gumba, kikakaa bila kutikisika. Sijawahi kusahau ile hisia ya kidole gumba.

Tupa yenyewe ipake chaki kabla. Chaki ya ubaoni inatosha. Inazuia vumbi la chuma lisikwame kwenye meno na kuchora mikwaruzo. Sukuma kwenda mbele, nyanyua unaporudi. Na kama ni Juni au Julai, asubuhi za huku kwetu, pasha mikono moto kwanza kwa kikombe cha chai. Nasema hivi bila mzaha: vidole vyenye ganzi havisikii tupa inapoanza kulala upande, na wembe wako utatoka na tumbo katikati.

Tundu la skrubu hatukulipima kwa rula. Kipande kikiwa kimekaa mahali pake, tuliingiza ncha ya drili yenye ukubwa sawa na tundu la pembeni, tukaizungusha kwa vidole mpaka ikaacha alama. Tukatoa kipande, tukatoboa penye alama. Mtutu wenyewe ulikuwa kwenye jiliwa lenye midomo iliyovikwa ngozi ya kiatu cha zamani.

Halafu urefu, ambako ndiko niliwahi kuaibika. Miezi kadhaa nyuma, kwenye bastola nyingine, risasi zilikuwa zinapiga juu ya shabaha. Nikafikiri, kama zinapiga juu, nishushe foresaiti. Nikafaili. Zikapiga juu zaidi. Nikafaili tena! Bosi hakunigombeza. Alichukua rula, akaiweka mezani, akasimamisha kiberiti kwenye ncha ya mbele kama foresaiti na kopo dogo la kiwi nyuma kama saiti ya nyuma. "Lete jicho hapa. Ncha ya mbele ilingane na ya nyuma." Nikalinganisha. Kiberiti kilikuwa kirefu kuliko kopo, kwa hiyo ili vilingane ilibidi niinamishe ncha ya mbele ya rula. Akatoa kiberiti, akaweka kifuniko cha soda. Safari hii rula ikainuka. Jicho siku zote linalinganisha vichwa. Kinachopanda au kushuka ni mtutu. Foresaiti ndefu inashusha risasi, foresaiti fupi inaipandisha. Jaribuni leo na rula, msiamini maneno yangu.

Ndiyo maana wembe mpya unaachwa mrefu kwa makusudi. Risasi zikipiga chini, una chuma cha kupunguza. Zikipiga juu, huna la kufanya ila kuanza upya, na ile foresaiti yangu ya kwanza bado iko kwenye kopo la bosi la "vya kufundishia".

Na hesabu ipo, tena ya darasa la saba. Chukua umbali kati ya saiti ya nyuma na ya mbele, zidisha na kosa kwenye shabaha, gawanya kwa umbali wa shabaha. Kwenye ile Webley tulipima milimita 190 kati ya saiti mbili. Mzee alikwenda na bosi kwenye uwanja wa shabaha, akapiga kwa mita 15 akiwa ameegemeza mikono kwenye mfuko wa mchanga. Risasi tano zikatua pamoja, sentimita 12 chini. Basi: 190 mara 120, gawa kwa 15,000. Unapata milimita 1.52. Hiyo ndiyo ya kuondoa. Ukigeuza hesabu utaona milimita 0.1 tu, unene wa karatasi ya kawaida, inahamisha risasi karibu milimita 8 kwa umbali ule. Mkono mmoja mzito wa tupa na umepita.

Hatukuondoa 1.52. Tuliondoa 1.0, tukarudi uwanjani siku nyingine. Sasa zilitua kama sentimita 4 chini, jinsi hesabu ilivyotabiri. Tukaondoa 0.4, hapo kwa tupa ndogo laini na msasa, tukapima kila baada ya mikwaruzo mitatu. Ile 0.1 iliyobaki tuliiacha. Mzee alisema macho yake hayaoni tofauti ya milimita nane, na hakuna hata mmoja wetu aliyebisha.

Upande unaotazama jicho tuliuchonga uiname kidogo kuelekea mpigaji, ili juu ya wembe patupe kivuli na jua la saa kumi lising'arishe uso wake. Upana wake tulikuwa tumeujaribu mapema kwa kipande cha plastiki cha kadi ya simu, tukikitazama dhidi ya ukuta mweupe: lazima mwanga uonekane pande zote mbili ndani ya kata, ule mkato mdogo wa saiti ya nyuma. Ukijaza kata yote, mzee wa miaka sabini hatajua yuko kulia au kushoto.

Rangi tuliipata jikoni. Kipande kilisuguliwa mpaka kikawa kama kioo, kikaoshwa kwa sabuni kuondoa mafuta ya vidole, kikalazwa kwenye mchanga ndani ya sufuria kuukuu juu ya jiko la mkaa. Rangi hubadilika polepole: njano ya majani makavu, kahawia, zambarau, kisha karibu na digrii 300 ile bluu nzito. Ukizubaa kidogo inapita na kuwa kijivu, unasugua upya. Nilizubaa mara mbili, ya pili nikiwa namjibu mtu aliyeulizia bei ya bawaba. Mara ya tatu nilikichomoa kwa koleo kikiwa bluu, nikakitumbukiza kwenye mafuta, kikapiga kelele ndogo ya chapati.

Mzee alipokuja kuchukua bastola yake, aliikunjua, akaikunja, akapitisha kidole juu ya foresaiti kama anayepima makali ya panga. Hakusema kitu juu ya kazi. Aliuliza ile ya zamani iko wapi. Nikampa kisiki kilichovunjika, akakifunga kwenye kitambaa na kukitia kwenye bahasha ile ile ya kaki, pamoja na leseni.