Kwa Mnaoanza Kufuatilia Miswada ya Fidia Katika Majimbo ya Marekani

Wanaoanza kazi hii hupenda kuhesabu kura za ukumbini, na kwa miswada mingi hesabu hiyo inatosha. Kwa miswada ya kubana madai ya fidia haitoshi. Anza na katiba ya jimbo na hukumu za mahakama yake ya juu, ndipo uwageukie wabunge. Illinois iliweka kikomo cha fidia mwaka 1995, mahakama ikakifuta mwaka 1997. Ikaweka kingine kwa madai ya uzembe wa tiba mwaka 2005, nacho kikafutwa mwaka 2010.

Texas, ambayo mahakama yake ilikwisha kukataa kikomo cha awali mwaka 1988, ilijifunza. Mwaka 2003 bunge lake lilipitisha sheria ya kikomo kwa madai ya uzembe wa tiba na, sambamba nayo, pendekezo la kurekebisha katiba ili mahakama isikifute tena, lililohitaji wawakilishi 100 kati ya 150 na maseneta 21 kati ya 31, kisha ridhaa ya wapiga kura. Kura ilipangwa tarehe 13 Septemba badala ya Novemba, na wapinzani wakalalamika kuwa hiyo ni hila, kwani Novemba Houston, ngome ya mawakili wa madai (wanaowawakilisha wadai fidia), ilikuwa na uchaguzi wa meya ambao ungeleta wapiga kura wengi. Pendekezo lilipita kwa takriban asilimia 51; kwa ushindi mwembamba hivyo, mimi naipa tarehe uzito kuliko hotuba zote.

Kisha soma kifungu chenyewe, si muhtasari unaogawiwa na wadau. Kikomo cha Texas ni dola 250,000 kwa madaktari wote wa shauri moja, wawe wawili au sita, na kwa majeruhi aliye hai kinagusa maumivu, mateso na hasara nyingine zisizo na stakabadhi, si mshahara uliopotea wala gharama za matibabu. Kwa hiyo mwenye hati za mshahara ana cha kudai, ilhali mtoto, mstaafu au mama wa nyumbani ndiye hubanwa zaidi, tena kiwango chenyewe hakipandi kufuata mfumuko wa bei. Mawakili wa madai watakusimulia habari za mtoto huyo kwa uchungu mkubwa, ila si wepesi wa kukumbusha kwamba ujira wao hukatwa kama asilimia ya fidia.

Usiache pia kukagua kifungu cha kuanza kutumika. Florida ilipopunguza muda wa kufungua madai ya uzembe kutoka miaka 4 hadi 2, mwezi Machi 2023, mashauri yalimiminika mahakamani kabla gavana hajatia saini, ili yasiguswe na sheria mpya.