Haki ya kuvuta noti za Chopin

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama mtu anayepiga piano jioni baada ya kazi, asiye na cheti wala jukwaa, ana haki ya kumfasiri Chopin, mtunzi wa muziki wa piano wa karne ya 19, kwa namna yake, au kazi yake ni kupiga kilichoandikwa na kunyamaza. Na umeniambia chanzo cha swali: rafiki yako alikusikia ukipiga kile kipande chake kifupi, Preludi ya 4 katika Opus 28 (yaani utunzi wake uliopewa namba 28), akasema unavuta mno, yaani unazikawiza noti, kila mahali unalia. Haki unayo. Ila rafiki yako naye huenda kasikia jambo la kweli, kwa hiyo usimnunie kwanza.

Tazama mkono wa kushoto. Katika preludi hiyo mkono wa kulia una kazi ndogo mno: noti ndefu, jirani yake fupi, kisha inarudi ilikotoka. Kwa kuwa ndiyo sauti inayoimba, karibu kila anayejifunza humimina huzuni yake yote hapo. Lakini mambo yanatokea chini. Noti kadhaa zinapigwa pamoja, zinarudiwa na kurudiwa, halafu moja inashuka nusu toni, hatua ndogo kabisa ya piano, huku wenzake wakibaki palepale. Baadaye inafuata nyingine. Zipige peke yake, polepole, bila pedali, ukisikiliza ni ipi iliyosogea. Hapo ndipo utajua pa kukawia. Ukichelewa kidogo pale ambapo sauti imegeuka, msikilizaji hugeuka nayo. Ukichelewa kila mahali, sikio lake linazoea na hakuna tena cha kungojea. Nadhani hicho ndicho rafiki yako alichokiita kulia.

Chopin mwenyewe alikuwa mkali hapo. Wanafunzi wake wameeleza kwamba aliutaka mkono wa kushoto ushike mapigo kama kiongozi wa okestra, na wa kulia ndio upewe uhuru wa kutangulia au kuchelewa juu yake. Mmoja wao, Karl Mikuli, aliandika kuwa metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo, haikuondoka kwenye piano ya mwalimu wake. Wakati huohuo, kwenye nakala za wanafunzi aliongeza kwa mkono wake mapambo ambayo hayamo katika chapa. Kipande chake kingine, Nokteni ya Opus 9 Na. 2, iliyochapishwa 1832, kina mengi ya namna hiyo. Kwa hiyo alibana mapigo na kulegeza noti. Sisi tunafanya kinyume chake: kubadili noti moja tunaona ni dhambi, mapigo tunayanyoosha tupendavyo.

Rudi kwenye karatasi ya preludi yako uangalie lile neno aliloandika karibu na kilele: stretto. Anataka usukume mbele. Wengi wetu hapo hupunguza mwendo kwa sababu sauti imekuwa kubwa na mikono mizito, tukaamini ni hisia. Jaribu kwenda mbele kama alivyoagiza, uone kilele kinavyofika kabla hujajiandaa, na jinsi mteremko unaofuata hadi ile sauti ndogo ya mwisho unavyopata maana. Ukishajaribu hivyo kwa dhati, bado ukataka njia yako, ifuate. Utakuwa umechagua.

Rachmaninov, mtunzi na mpiga piano wa Kirusi, alichagua waziwazi. Katika rekodi yake ya mwaka 1930 ya Sonata ya 2 ya Chopin, muziki wa maandamano ya mazishi unaporudi baada ya sehemu ya katikati, karatasi inataka sauti ndogo. Yeye anarudi kwa kishindo, kisha anaififisha mpaka inapotea, utadhani msafara unakuacha barabarani. Alijua kilichoandikwa, na uamuzi wake unasikika kutoka mwanzo wa sehemu hiyo hadi mwisho. Mtu anaweza kuukataa (mimi huukubali siku nyingine na kuukataa siku nyingine), lakini hawezi kusema ni ajali ya vidole.

Na kuna maagizo yanayowasumbua hata mabingwa. „Träumerei“ ya mtunzi Robert Schumann, katika mkusanyo wake Kinderszenen wa 1838, ilichapishwa na alama ya metronomu 100, yaani mapigo 100 kwa dakika. Karibu hakuna anayeipiga kwa kasi hiyo. Mimi huipiga chini ya hapo, ila nakushauri uipitie kwa 100 angalau jioni moja, kwa sababu utasikia kila mstari ukitoka kwa pumzi moja, na ukipunguza mwendo tena hutaikata vipandevipande.

Pedali nakuachia sikio lako. Kumbuka tu kwamba piano za kiwanda cha Pleyel alizozipenda Chopin zilikuwa nyepesi na sauti yake ilizimika upesi kuliko hii yako, hivyo pedali ndefu aliyoiandika yeye inaweza kukuletea tope. Inua mguu nusu.

Kuhusu kutokuwa bingwa: bingwa ana tamasha wiki ijayo na programu nzima ya kuandaa. Wewe unaweza kukaa na kurasa mbili mwaka mzima na hakuna atakayekudai. Sioni kwa nini ulione hilo kama upungufu.

Mwisho ulitaja kipande cha mtunzi Brahms, Intermezzo ya Opus 118 Na. 2, ile ya 1893 aliyomtunukia mpiga piano Clara Schumann. Mwanzo wake unauweza hata leo. Kinachokungoja ni sehemu ya katikati, mkono wa kulia ukienda noti mbilimbili kwa kila pigo na wa kushoto tatutatu. Anzia hapo, mikono kando kando, kabla hujajizoesha kuupenda ule mwanzo.

Mama yako