Tuta la jeshi Uholanzi na ukuta wa Kalenga

SWALI: Kamwene mhariri. Mdogo wangu anasoma Uholanzi, juzi katutumia picha kwenye grupu la familia yuko na baiskeli juu ya tuta refu limejaa majani mabichi, eti lilijengwa na jeshi. Sasa tuta la udongo linamzuiaje adui? Na je sisi Iringa hatuwezi kuufanya ukuta wa ngome ya chifu Mkwawa pale Kalenga uwe sehemu ya matembezi kama hilo tuta? – Msomaji, Ipogolo

JIBU: Kamwene mnyalukolo. Hilo tuta bila shaka ni Geniedijk, liko Haarlemmermeer karibu na Amsterdam, na siri yake siyo udongo, ni maji. Eneo lile zamani lilikuwa ziwa, wakalikausha mwaka 1852, kwa hiyo ardhi iko chini ya usawa wa bahari kama mita 4 hivi. Jeshi likaona adui akitokea kusini tunafungulia maji mashamba yote ya upande ule yafurike, tuta linayazuia yasipite kuja kaskazini, basi Amsterdam imepona.

Na maji yenyewe hayakuwa mengi, sentimita 30 mpaka 50 tu, yaani magotini. Hapo ndo akili ilipo, maana boti inakwama na mzinga wa magurudumu unazama kwenye tope, halafu askari wa miguu haoni mfereji uko wapi. Kama ushawahi kuvuka vinyungu, yaani bustani za mabondeni, vimefurika masika unajua ninachosema, hatua moja uko magotini ya pili uko kifuani.

Tuta lile ni kipande tu cha mzingo wa ulinzi wa kilomita 135 kuuzunguka mji wote, na ngome zaidi ya 40, ulijengwa kuanzia miaka ya 1880 hadi 1920. Haukuwahi kupigana hata siku moja, ndege zikaja zikapita juu. Lakini sheria ilikuwa kali, karibu na ngome unajenga nyumba ya mbao tu ili vita ikija ichomwe fasta, kwa hiyo sehemu nyingi zilibaki wazi. Uwazi huo ndo leo watu wanatembea na kupiga baiskeli, nyasi juu, mifereji pembeni, na mwaka 1996 UNESCO ikauingiza mzingo wote kwenye urithi wa dunia.

Sasa Kalenga. Mimi nasema inawezekana kabisa, ila tusiige kila kitu. La Uholanzi lilibaki zima kwa sababu halikupigwa, letu lilipigwa kweli. Baada ya Zelewski, kamanda wa Wajerumani, kuuawa na Wahehe Lugalo tarehe 17 Agosti 1891 Wajerumani walirudi na mizinga, na Oktoba 1894 wakaibomoa Kalenga, kwa hiyo ukienda leo unaona masalia ya ukuta siyo ukuta. Kuujenga upya kwa simenti mi naona ni kuharibu, tena naumia nikisikia watu wanapendekeza hivyo. Kinachofaa ni njia ya miguu inayofuata pale ukuta ulipopita, vijiwe vya alama, miti ya asili ya kwetu, na vijana wa palepale wawe ndo wanaoongoza wageni. Makumbusho tayari ipo na fuvu la chifu lililorudishwa 1954 liko mle, na barabara ya kwenda hifadhi ya Ruaha inapita jirani, watalii wanapita na magari yao kila siku bila kusimama!

Ukiwa serious anzia serikali ya kijiji, maana mstari ule unakatisha mashamba ya watu na nyumba zao, bila wao kukubali hakuna njia. Wakishakubali ndo mnaenda halmashauri na watu wa mambo ya kale, wawapimie mstari kabla hamjachimba hata shimo la mti.